Alichokiona Dobi Kilomita ya Thelathini na Moja

Kazini walimwita Dobi, na jina likamfuata mpaka nyumbani. Alikuwa msimamizi wa chumba cha kufulia cha hospitali kubwa, chumba cha chini kisicho na dirisha, chenye mashine sita zinazonguruma na sakafu isiyokauka. Kila asubuhi mifuko iliteremshwa kwa lifti ya mizigo: shuka za wodi ya wazazi, za wodi ya upasuaji, za wazee wasioweza kuamka. Kazi ya kwanza ilikuwa kuchambua, maana ndani ya shuka chafu hukosi kitu. Alishakuta mkasi, meno ya bandia, na mara moja simu iliyokuwa bado inaita. Wafanyakazi wapya siku ya kwanza walikimbilia sinkini kutapika. Dobi aliwasubiri wamalize, akawapa glavu nyingine, akawaambia, "Kinyaa ni ugeni tu. Kitaisha." Yeye alikuwa na miaka kumi na saba pale chini bila kukunja pua.

Kaka yake mkubwa naye alikuwa na jina lake la mtaani: Kocha. Alifundisha mazoezi kwenye ukumbi wa ghorofa ya pili, juu ya duka la vipuri, na kila Jumamosi asubuhi aliongoza kundi la wakimbiaji wapatao arobaini. Alikuwa na mdomo mtamu. Mtu aliyekuja kwake amekata tamaa kwa sababu ya kitambi au talaka aliondoka anaona dunia yote ni njia ya kukimbilia. Kauli yake kubwa ilikuwa moja, na aliichapisha mpaka kwenye fulana za kundi: *Mwili ni mwongo.* "Ukikuambia umechoka," alikuwa akisema, "usiujibu. Mwongo hajibiwi."

Baba yao, tarishi mstaafu aliyetembea na barua maisha yake yote, alipigwa na kiharusi, upande wa kulia ukalala na maneno yakabaki machache. Dobi akamchukua kuishi naye. Mwezi mmoja baadaye daktari aliyekuwa akimpima mzee alimpima na yeye, akatikisa kichwa. Presha ilikuwa juu.

"Njoo ukimbie, dada yangu," Kocha alimwambia. "Unaishi chini ya ardhi kama mhogo. Unangoja na wewe ulale kitandani nani akugeuze?"

Alikwenda. Siku ya kwanza alifika kwenye tangi la maji tu, akashika uzio wake akihema. Kocha alimwita konokono mbele ya watu na wote wakacheka, yeye pia. Miezi kumi na moja alivumilia. Kocha alimpigia kelele kwenye milima, alimkataza kutembea, na siku aliyolia kwa maumivu ya nyonga alimwambia alie akiwa anakimbia. Hakukasirika. Alimwamini kaka yake kama mtu anavyoamini ngazi ya nyumbani kwake, haiangalii anapoikanyaga.

Wiki ya mashindano Kocha alikuja kumtembelea mzee, akainama karibu na kiti chake cha magurudumu. "Baba, Jumapili utakuwa pale mwisho, kwenye kivuli. Medali yangu nitakuvalisha wewe. Umesikia?" Mzee akafungua mdomo, akahangaika, mwisho akatoa neno moja, "Mbio," na jicho lake zima likajaa maji. Dobi aligeuka kukunja nguo ambazo zilikuwa zimeshakunjwa.

*

Walianza saa kumi na mbili asubuhi, watu elfu mbili na ushee. Mahali pa kuanzia palinuka dawa ya misuli na mkojo, kwa sababu foleni ya vyoo ilikuwa ndefu na wanaume hawakuwa na subira. Ukuta mzima wa shule iliyokuwa jirani ulikuwa umelowa. Dobi alijipaka mafuta ya mgando mapajani na kwapani, akapandisha soksi. Kando yake alisimama Mwalimu, mama wa miaka sitini na mbili aliyefundisha hesabu mpaka akastaafu, mwembamba kama kijiti cha chaki, mwenzake wa mazoezi kwa sababu wote wawili walikuwa wa nyuma kabisa katika kundi.

Kocha alipita akiwapiga watu mabega. "Leo hakuna anayetembea. Mimi nawasubiri mwisho."

Njia ilikuwa hivi: kilomita nane za kwanza kuzunguka mji, kisha barabara moja ndefu ya kutoka, hadi kwenye pipa la buluu lililowekwa kilomita ya ishirini na tano. Hapo kila mkimbiaji alifungwa riboni ya buluu mkononi kuthibitisha kwamba amefika, akageuka na kurudi barabara ileile. Asiye na riboni hapewi medali.

Walipofika barabara ya kutoka, Dobi alianza kuwatazama waliokuwa wakirudi upande wa pili. Aliwaona wa kundi lao, mmoja mmoja, fulana za njano zilizoandikwa *Mwili ni mwongo*. Wakapungiana mikono. Kocha hakumwona.

"Amepita tulipokuwa tunakunywa maji," alisema Mwalimu.

"Labda."

Kwenye pipa la buluu msichana mwenye kofia alimfunga riboni. Dobi alikuwa na chumvi usoni kama aliyepakwa unga. Jeli ya nguvu aliyokula nusu saa iliyopita ilikuwa imeganda kwenye kona za mdomo, tamu ya kukera, na tumbo lilikuwa limeanza kuzungumza lugha yake.

Kilomita ya thelathini na moja tumbo likaacha kuzungumza, likaamuru. Kando ya barabara kulikuwa na vyoo vitatu vya plastiki vya kukodi, vimepangwa nyuma ya kibanda cha umeme. "Nenda, nakusubiri kwenye meza ya maji," Mwalimu alisema. Dobi aliingia cha mwisho, kilichokaribia ukuta wa kibanda, kwa sababu viwili vya kwanza vilikuwa na watu.

Watu mia moja walikuwa wamekitumia kabla yake, na wengi hawakuwa wamelenga. Sakafu ilikuwa inateleza. Juu ya kiti palikuwa na alama za viatu. Inzi walipanda kutoka chini kila alipojisogeza. Lakini hayo aliyajua, ilikuwa kazi yake. Alijikunja, akashika kitasa kwa mkono mmoja, akatazama nje kupitia matundu ya hewa yaliyokuwa usawa wa macho, ili asifikirie mapaja yake yanayowaka.

Pikipiki ikaja polepole nyuma ya kibanda cha umeme, ikasimama. Aliyekuwa amepakiwa alivaa koti la mvua. Akashuka, akalivua koti, chini yake kulikuwa na fulana ya njano. Akalikunja na kumpa dereva, akampigapiga bega kama alivyowapiga watu wote mabega.

Dobi alifikiri macho yanamdanganya. Akayasogeza kwenye tundu.

Kocha alitoa chupa ya maji, akajimwagia kichwani, kisha kifuani, kisha mgongoni, akasugua fulana ili ishike ngozi. Akainama, akachukua vumbi, akajipaka kwenye mashavu ya miguu. Akatemea viganja na kujifuta usoni. Kisha akavuta soksi ya kushoto, akatoa riboni ya buluu iliyokunjwa vizuri, akajifunga mkononi kwa meno. Akatembea hatua tano akichechemea mguu wa kulia. Hakuridhika. Akarudi, akatembea tena hatua tano, safari hii akikunja uso na kuacha mdomo wazi. Hiyo ikamfaa. Akachungulia barabarani, akasubiri kundi la wakimbiaji lipite, akaingia nyuma yao.

Kitu kikapanda kutoka tumboni kwa Dobi kwa njia ya juu. Alitapika humohumo, kwenye miguu yake na kwenye mlango, maji ya njano na jeli, mpaka hakikubaki kitu ila sauti. Miaka kumi na saba ya shuka za watu, na kilichomtapisha kilikuwa mtu anayejifunza kuchechemea.

*

Mwalimu alimwona akija, akamwinulia kikombe cha maji. "Umetapika?"

"Ndiyo."

"Umemwona Kocha? Amenipita sasa hivi. Sijui ametokea wapi, nilidhani yuko mbele. Maskini, goti limemkatalia, anachechemea. Amesema hataacha, hata ikibidi atambae."

Dobi alichukua maji, akasukutua, akatema. "Twende," alisema.

Hakumwambia. Hakuwa na pumzi, na pia hakujua neno lenyewe lingeanzaje. Alikuwa akiiwaza ile riboni. Hakuwa mtu aliyeshindwa njiani akapata wazo baya kwa uchungu. Riboni ililala soksini tangu asubuhi, tangu aliposimama pale mwanzo akisema leo hakuna anayetembea. Wiki iliyopita alikuwa amesaidia waandaaji kupanga vifaa. Alipoinama kwa baba na kumuahidi, alikuwa nayo tayari.

Zilibaki kilomita kumi na moja, na kila kitu ndani yake kilimchukiza. Meza ya maji ilikuwa na vikombe vya plastiki vilivyokanyagwa mpaka barabara ikawa inanata. Masponji yaliyotumika kufuta makwapa ya watu yalikuwa yakikusanywa kwenye ndoo na kuloweshwa tena, na alimwona mwanaume akilikamulia moja mdomoni. Mtu wa mbele yake alibana pua moja na kupenga kwa nyingine, upepo ukamletea Dobi begani. Alijifuta kwa riboni. Ukucha wa kidole gumba ulikuwa umeachana na nyama, na kila hatua uliinuka na kukaa, kama kifuniko cha sufuria. Soksi ya kulia ilikuwa na joto la damu. Mapaja yalikuwa yamechubuka mpaka mafuta ya mgando yakawa yanawasha kama pilipili.

Watu kando ya njia walipiga makofi. "Unaweza! Unapendeza!" mwanamke mmoja alimpigia kelele, na Dobi alitaka kumuuliza anaona nini cha kupendeza. Mbele kidogo kundi lao lilikuwa limetundika bango: *Mwili ni mwongo*. Alipita chini yake akilitazama mpaka shingo ikauma.

"Zimebaki saba na nusu," alisema Mwalimu. Kila alipochoka alihesabu. "Kwa mwendo huu, dakika sitini na tatu."

"Mwalimu, nikikaa chini hapa, itakuwa dakika ngapi?"

"Hesabu hiyo haina jibu. Twende."

Kilomita ya thelathini na saba walipanda mwinuko mfupi ambao asubuhi hawakuuona hata kama ni mwinuko. Misuli ya shavu la mguu wa Dobi ilikaza ghafla ikawa jiwe. Alisimama, akaishika, akasukuma kisigino chini huku akilia bila machozi. Alijikaza kisabuni, akapiga hatua tatu. Ya nne tumbo halikuuliza. Alihisi joto likishuka kwenye suruali, likafika magotini, na harufu ikafuata. Mwanaume aliyekuwa nyuma yao alisema "Aisee" na kuhamia upande wa pili wa barabara.

Dobi alisimama katikati ya njia, mikono mbali na mwili, kama mtu aliyebeba kitu cha mwenyewe asiyemjua. Alikuwa amewafulia watu hiki kitu maelfu ya mara. Hakuwahi kujua kwamba kinapokuwa chako kina uzito.

Mwalimu hakusema pole. Alifungua koti jembamba alilojifunga kiunoni tangu jua lilipokuwa kali, akamzungushia, akakaza mikono yake kwa fundo.

"Litachafuka," alisema Dobi.

"Si wewe ndiye dobi?"

Alicheka. Kicheko kilitoka kama kikohozi, kikamuumiza mbavu. Kisha akamwambia. Alimwambia wakiwa wanakimbia, maneno matatu kwa kila pumzi: pikipiki, koti la mvua, chupa ya maji, riboni kwenye soksi, hatua tano na hatua tano nyingine. Mwalimu alisikiliza bila kugeuka.

"Mwaka jana alinifanya nirudie mlima mara tisa," Mwalimu alisema alipomaliza. "Nilikuwa na homa. Nikaamini homa ni uongo."

"Nataka kuacha," alisema Dobi. "Medali ni zile zile. Yangu itatoka kwenye sanduku lile lile ilikotoka yake."

"Basi acha."

Dobi hakuacha. Angeulizwa kwa nini, asingesema kwamba ni ujasiri. Alikuwa ananuka, nyumbani kulikuwa mbele, na kulala kando ya barabara katika hali ile kulimchukiza kuliko kuendelea. Kilomita nne za mwisho alizikimbia kwa kinyaa kitupu: kumkimbia yule mtu wa nyuma ya kibanda cha umeme, na kumkimbilia, kwa sababu alikuwa mbele.

*

Mstari wa kumalizia ulikuwa ndani ya uwanja wa mpira. Waliuvuka pamoja, Mwalimu akiwa amemshika kiwiko. Binti aliyegawa medali alimrushia yake kidogo badala ya kumvalisha, akajifanya anamtafuta anayefuata. Dobi aliidaka.

Chini ya hema, kwenye kivuli, kundi la njano lilikuwa limemzunguka Kocha. Alikaa kwenye kiti, goti limefungwa barafu, anasimulia. Wifi yake Dobi alikuwa akirekodi kwa simu. "Kilomita ya ishirini goti likasema basi," Kocha alikuwa akisema. "Nikaliambia, wewe ni nani? Kumi za mwisho sikumbuki. Nilikuwa namuona baba tu." Watu walikuwa wanafuta macho. Kando yake mzee alikaa kwenye kiti cha magurudumu, medali kifuani. Mate yalikuwa yametiririka kutoka upande ule uliolala yakaifikia, na hakuna aliyekuwa amemfuta, maana wote walikuwa wanamsikiliza mwanawe.

"Mdogo wangu huyo!" Kocha aliinuka, mikono wazi. Hatua mbili kabla ya kumfikia alisita, pua ikamkunjamana. Akashusha mikono, akasema kwa sauti ya chini, "Umejichafua. Nenda kajisafishe kwanza, halafu tupige picha. Watu wanaangalia."

"Nimejinyea," alisema Dobi, kwa sauti ya kawaida. "Kilomita ya thelathini na saba. Lakini kabla ya hapo nilikuwa chooni, ya thelathini na moja. Kile cha mwisho, nyuma ya kibanda cha umeme. Kina matundu."

Alimtazama akielewa. Ilianzia kwenye masikio, ambayo yalirudi nyuma kama ya paka, kisha midomo ikakauka. Mara moja alimshika mkono, harufu haikumsumbua tena, akamvuta nyuma ya hema.

"Sikiliza. Goti ni bovu kweli, tangu mwezi wa tatu. Daktari alinikataza. Ningewaambia nini watu arobaini? Wanakuja kwangu kwa sababu mimi siachi."

"Ungewaambia goti ni bovu."

"Na baba? Umemwona alivyofurahi? Unataka umuue?" Alikuwa na machozi, na Dobi hakuweza kujua kama ni ya kweli, kwa sababu alikuwa ameshamwona akijifunza. Hilo ndilo lililomchefua kuliko yote. Uso wa kaka yake, aliyemfundisha kufunga kamba za viatu, ulikuwa sasa kama nguo ambayo hujui nani ameivaa.

Aliuchomoa mkono. Alirudi hemani, akapiga goti mbele ya mzee, akachukua kitambaa na kumfuta mdomo na kidevu, kama afanyavyo kila siku. Kisha akaivua ile medali taratibu, asimguse masikio. Mzee aliishika kwa mkono wake mzima.

"Yangu," alisema.

"Si yako, baba. Wala si yake."

Mzee hakuelewa. Alilia kwa sauti, mdomo ukipinda, na watu wote wakageuka. Wifi alisema, "Una wazimu? Mzee wa watu amekukosea nini?" Dobi alimwekea Kocha ile medali mapajani mbele ya wote, akasukuma kiti cha magurudumu kuelekea getini, baba akilia njia nzima na yeye akinuka njia nzima. Dereva wa teksi wa kwanza aliwakataa. Wa pili alitandika magazeti.

*

Alimpa Kocha mpaka Jumamosi kuwaambia mwenyewe. Jumamosi Kocha alisimama mbele ya kundi akaanza tena habari za kilomita kumi za mwisho. Dobi alingoja amalize, akasimama akaeleza alichokiona, kuanzia koti la mvua. Mwalimu alisimama kando yake. Baadhi walimwamini papo hapo, kwa sababu Kocha hakubisha, alichukua tu filimbi yake akaondoka. Wengine walimwambia Dobi kwamba hata kama ni kweli, dada wa mtu hasemi hivyo hadharani. Alipokuwa akisema, alihisi utamu fulani ulimini, na usiku ule hakuweza kula kwa sababu ya utamu huo. Ulimtia kinyaa sawasawa na riboni.

Kundi lilisambaratika. Fulana za njano aliziona mara mbili tatu, watu wanadekia nazo. Yeye na Mwalimu waliendelea kukimbia Jumatano, kilomita nane, kumi, wakitembea wanapochoka. Ukucha ulianguka, ukaota mwingine wenye mawimbi.

Wifi alikata mguu. Kocha alikuja kumwona mzee saa za kazi tu, wakati Dobi hayupo, mpaka siku moja mashine tatu ziliharibika kwa mpigo na Dobi akarudi nyumbani mapema. Alimkuta amekaa kwenye stuli, bakuli la maji mapajani, anamnyoa baba ndevu. Upande uliolala ni mgumu kunyoa, lazima uivute ngozi kwa kidole. Alikuwa anaivuta vizuri.

Hakuinua macho. Akanyoa mstari mmoja, akasuuza wembe.

"Bado unaniona mchafu?" aliuliza.

"Ndiyo," alisema Dobi.

Kocha akaitikia kwa kichwa. Akanyoa mstari mwingine, chini ya taya, ambako mzee hukatika kirahisi. "Nishikie kichwa chake basi," alisema. "Anatikisika."

Dobi aliweka mkoba chini, akanawa mikono, akamshika baba kichwa.